Mnunuzi wa Singapore anataka kusajili chapa yetu kwa jina lake: tumwachie?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi na mama tunasaga na kufungasha viungo vya chai na kahawa hapa Unguja, huu ni mwaka wa sita. Jina la chapa ni la bibi mzaa mama, na kwenye pakiti kuna mchoro wa dele la kahawa. Mwaka jana tulipata mnunuzi Singapore. Keshachukua mizigo mitatu na analipa vizuri. Sasa anasema kwao sheria za miliki bunifu ni kali, kwa hiyo atatusajilia jina yeye mwenyewe, kwa kampuni yake, ili sisi tusihangaike. Anasema jina likishasajiliwa Singapore limelindwa kila mahali, kwa sababu pale ni kituo cha biashara cha dunia. Mama anaona ni msaada, mimi roho inasita. Huku nyumbani tumesajili jina la biashara tu. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mfikishie salamu zangu.

Nianze na jibu lenyewe, maana najua mnunuzi anawasubiri: msimwachie. Mshukuruni, mwambieni usajili mtaufanya wenyewe kwa jina lenu, na yeye mtampa leseni ya kulitumia. Kama ni mtu wa biashara hatakasirika. Akikasirika, mtakuwa mmejua mapema jambo ambalo baadaye mngelijua kwa gharama.

Sisemi ni mwizi. Wanunuzi wengi hulisema hili kwa nia safi kabisa: mtu ametoa pesa kuweka bidhaa yenu kwenye rafu, amelipia wapishi waionje, hataki kesho kuona jirani yake anaiuza ileile. Lakini nia haiandikwi kwenye daftari la msajili. Linaloandikwa ni jina la mmiliki, na mmiliki atasomeka yeye. Akiuza kampuni, chapa yenu imeuzwa pamoja na makabati na mizani. Akifilisika, wadai wake wataihesabu kuwa ni mali yake. Mkikosana juu ya bei ya mzigo wa nne, anaweza kununua viungo India au Sri Lanka, akavitia kwenye pakiti yenye jina la bibi yenu, na siku mtakapompata mnunuzi mwingine palepale Singapore, ninyi ndio mtakaoshitakiwa kwa kuvamia alama ya biashara ya mtu, yaani chapa iliyosajiliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofundishwa. Hii yenu itakuwa na daftari, ila la mwenzenu.

Niliwahi kumsaidia mama mmoja wa sabuni za mwani. Mnunuzi wake wa ng'ambo alikuwa amesajili jina "kwa niaba yake", na barua ya kulithibitisha hilo hakuna, ni mazungumzo ya simu tu. Walipoachana, yule mama alipiga hesabu ya wakili wa kule, akaona ni nafuu kubadili jina. Akachapisha pakiti upya na kuanza kujitambulisha upya kwa wateja aliokuwa nao miaka minne. Sabuni ni ileile, povu lilelile, na wateja wakawa wanamwambia hii si ile.

Katika aliyowaambia mnunuzi kuna la kweli moja na la uongo moja.

La kweli ni kwamba Singapore hawafanyi mzaha na mambo haya. Ni nchi ambayo eneo lake lote halifiki hata nusu ya Unguja, haina mafuta yake wala madini, na sehemu ya maji ya kunywa huyanunua Johor, ng'ambo ya mlangobahari. Biashara yao kubwa ni kuaminika: leta pesa, leta kiwanda, leta siri yako, hapa haitaibwa. Hawakuzaliwa hivyo. Miaka ya themanini mji ule ulijulikana kwa kaseti za kunakili kama vile Darajani na Kariakoo zilivyojulikana kwa kaseti za kurekodiwa vibandani, mpaka Wamarekani wakawabana na Sheria ya Hakimiliki ikapitishwa mwaka 1987. Hataza nazo, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, mpaka mwaka 1995, ilibidi kwanza uipate ya Uingereza ndipo uiandikishe pale, mtindo wa kikoloni ambao na sisi huku tuliujua vizuri. Leo wana ofisi yao ya miliki bunifu, IPOS, iliyoundwa mwaka 2001, na aliyekuwa mkuu wake, Daren Tang, tangu Oktoba 2020 ndiye mkurugenzi mkuu wa WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu lililoko Geneva. Mtu anayeuza bidhaa zenye alama ya kughushi pale anaweza kutozwa faini hadi dola 10,000 za Singapore kwa kila bidhaa, jumla isizidi 100,000, au kifungo hadi miaka mitano, au vyote viwili. Kwa hiyo hapo mnunuzi wenu hakudanganya.

Ila msidhani sheria ile imeandikwa kwa ajili ya mwenye alama peke yake. Ni sheria ya watu wa bandari, na bandari ina mwenyewe wa kumlinda. Kuna kesi moja napenda kuwasimulia wateja. Makontena mawili yalitoka Uchina yakipitia Singapore kwenda Batam, kisiwa cha Indonesia kilicho jirani kabisa. Forodha wakayafungua, wakakuta bidhaa za bandia zenye alama za akina Louis Vuitton, Gucci na Burberry. Wenye alama wakamshitaki wakala aliyeshughulikia kuyahamisha makontena kutoka meli moja hadi nyingine, kampuni iitwayo Megastar. Wakashindwa Mahakama Kuu. Walipokata rufaa nako, Januari 2019, Mahakama ya Rufani ikawaambia yule wakala si mwagizaji wa mzigo. Alipitisha tu kontena la watu ambalo hakujua limebeba nini. Ukiisoma kesi ile unauona mji wenyewe: wanaikamata bidhaa bandia, ila hawako tayari kumfanya kila mpitishaji mizigo awe mshitakiwa, la sivyo meli zitatafuta bandari nyingine.

Vilevile bidhaa yako halisi uliyoiuza nafuu Dubai, mtu akaibeba na kuja kuiuza Singapore bila kukuuliza, huwezi kumzuia kwa kisingizio cha alama, maadamu hajaichezea. Kwao ukishauza umeuza. Kumbukeni hili mtakapopanga bei, kwa sababu mnunuzi wenu akilikuta soko limejaa pakiti zilizotoka kwenu kupitia mlango wa pili, atawalaumu ninyi, na sheria haitawasaidia.

Sasa lile la uongo. Hakuna kitu kinachoitwa usajili wa alama wa dunia nzima. Daftari la Singapore linatawala Singapore, basi. Ukivuka daraja la Johor uko Malaysia, daftari jingine. Ukubwa wa bandari hauongezi ukubwa wa daftari.

Kilichomchanganya, au anachokijua vizuri sana ila hakuwaambia, ni mfumo wa Madrid. Huu ni mkataba unaomwezesha mwenye alama kupeleka ombi moja kupitia ofisi ya nchi yake, akachagua ndani ya ombi hilo nchi nyingine wanachama anazozitaka, na kila nchi ikaamua kwa sheria zake kukubali au kukataa. Singapore imo tangu mwaka 2000. Kenya ilitangulia, tangu 1998. Rwanda imo. Oman imo tangu 2007, Falme za Kiarabu tangu mwisho wa 2021, Uingereza na Marekani zimo, na majirani wa Singapore wenyewe, Indonesia na Malaysia, wamo. Tanzania haimo. Uganda, Burundi na Kongo nazo hazimo.

Soma tena orodha hiyo ukiwafikiria wateja wenu. Viungo vya chai vya Zanzibar vinatafutwa na nani nje ya nchi? Mombasa, Maskati, Dubai, Waswahili wa London na wa Marekani. Mnunuzi wenu akiwa na usajili wa Singapore kwa jina la kampuni yake, ombi moja tu linamtosha kulibeba jina la bibi yenu hadi sehemu zote hizo. Ninyi hamwezi kufanya hivyo, kwa sababu mlango wa Madrid unaingiwa na raia, mkazi, au mwenye biashara halisi katika nchi mwanachama, na ninyi mko Unguja. Yeye anaweza kuliteka soko lenu la asili akiwa amekaa ofisini, na ninyi mtakuja kujua siku mzigo wenu umezuiwa Mombasa kwa malalamiko ya "mwenye alama". Hii ndiyo sababu nimesema msimwachie kabla hata sijaeleza kitu kingine. Kwenye nchi ya kawaida, kumpa msambazaji jina ni kosa la nchi moja. Kwenye kituo cha biashara kama kile, kosa hilo lina pasipoti.

Je, akishasajili hamwezi kulirudisha? Mnaweza kujaribu. Sheria ya alama ya Singapore inakataza ombi lililopelekwa kwa nia mbaya, na usajili wa namna hiyo unaweza kufutwa hata baadaye. Lakini mahakama zao zinalichukulia dai la nia mbaya kuwa ni tuhuma nzito inayotaka ushahidi ulionyooka, na ushahidi wenu utakuwa nini ikiwa mliambiwa kwenye simu mkasema "sawa, endelea"? Ndiyo maana nataka jibu lenu kwake liwe la maandishi. Hata WhatsApp inatosha, maadamu tarehe inaonekana na hamuifuti.

Njia nyingine ni kudai kwamba mtu anauza kwa mgongo wa sifa yenu. Mahakama za Singapore zimerithi sheria hii kwa Waingereza na zinaitumia. Kulikuwa na hoteli Bali iitwayo Amanusa; mjenzi mmoja Singapore akaziita nyumba zake za kuuza Amanusa. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono zuio dhidi ya jina hilo, ingawa hoteli yenyewe iko nchi nyingine, kwa sababu palikuwa na watu Singapore waliokuwa wanaijua na kuitumia. Lakini hao ni Amanresorts, wenye hoteli za wenye nazo na mawakili wa kutosha. Ninyi mna mizigo mitatu. Na sifa inayohesabiwa ni ile iliyoko Singapore, si ile ya Forodhani. Halafu kuna swali gumu zaidi: sifa ya pakiti zile kule ni ya nani, yenu au ya aliyeziuza?

Hebu chukua pakiti moja ya mzigo wa tatu uigeuze nyuma. Kanuni za chakula za Singapore zinataka chakula kilichoagizwa kioneshe jina na anwani ya mwagizaji wa pale, na nchi kilikotoka. Kwa hiyo jina la mnunuzi lazima liwepo, hilo halina ubishi. Ninachotaka uangalie ni limeandikwaje. Kama imeandikwa kwamba bidhaa imeingizwa na kampuni fulani, vizuri. Kama jina lake limekaa chini ya jina la bibi yenu kama mwenye chapa, au lenu halipo kabisa, au "Zanzibar" imeandikwa kwa herufi za kutafutia kwa tochi, basi kila pakiti inayouzwa inamjengea yeye ushahidi. Rekebisheni kwenye uchapishaji ujao: imetengenezwa na fulani, Unguja, Zanzibar, Tanzania, chini yake, imeingizwa na fulani, Singapore. Ni mistari miwili, na gharama yake ni kumpigia simu mchapaji.

Sasa usajili wenyewe. Umesema nyumbani mna jina la biashara tu. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kila wiki, na siwalaumu watu, kwa kuwa dirisha ni lilelile. Jina la biashara linamwambia serikali nani anafanya biashara. Alama ya biashara ndiyo inayokupa haki ya kumkataza mwenzio. Ni madaftari mawili tofauti, na Singapore ni vivyo hivyo: kusajili kampuni ni ofisi moja, alama ni IPOS.

Na kwenu kuna la ziada ambalo watu wa Bara husahau. Miliki bunifu si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Mali za Viwandani ya mwaka 2008 na daftari lake chini ya BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar. Bara kuna sheria ya alama ya mwaka 1986 na wakala wao wa usajili, BRELA, ambako usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuishwa kila miaka 10. Aliyesajili Unguja hajasajili Dar es Salaam. Mtu akitengeneza pakiti inayofanana na yenu Buguruni, cheti cha BPRA hakitamtisha. Kwa hiyo nyumbani mna maombi mawili. Mtaambiwa kuhusu ARIPO ya Harare, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika, na mkataba wake wa alama uitwao wa Banjul, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1999. Mawakili waangalifu hawautegemei hapa kwetu kwa sababu sheria ya alama ya 1986 haikurekebishwa iupokee. Nendeni kwenye madirisha moja kwa moja.

Mkishawasilisha ombi BRELA, mna miezi 6 ya kipaumbele chini ya Mkataba wa Paris: ombi mtakalopeleka Singapore ndani ya miezi hiyo litahesabiwa kana kwamba lilipelekwa siku ile ya BRELA. Lakini kwa hali yenu, msingoje. Mnunuzi keshalitaja jambo hili kwa mdomo wake. Mimi ningepeleka la nyumbani na la Singapore wiki moja.

Singapore viungo, chai na kahawa vyote viko daraja la 30, yaani kundi moja la bidhaa katika usajili, kwa hiyo daraja moja linawatosha. Msidanganywe mkaongeza madaraja msiyoyahitaji, kila moja lina ada yake. Ukichagua maelezo ya bidhaa kutoka orodha yao iliyokwisha kukubaliwa, ada ni nafuu kuliko ukijiandikia. Mtahitaji anwani ya kupokelea barua palepale, ndiyo maana watu hutumia wakala. Msitumie anwani ya mnunuzi! Mtahini wa IPOS atataka pia tafsiri ya neno la Kiswahili, na hapo wengine hukwama: mtu anadhani kwa kuwa Singapore hawajui Kiswahili basi "Viungo Bora" ni jina la pekee. Likitafsiriwa linabaki kuwa sifa ya bidhaa, na sifa ya bidhaa haimilikiwi na mtu mmoja. "Zanzibar" peke yake pia haitapita, ni jina la mahali na kila mwenye viungo halisi vya Zanzibar ana haki ya kulitaja. Jina la bibi yenu halina tatizo hilo. Nimelitazama, na ni zuri. Bibi alibahatika kupata jina ambalo hata wakati ule mtaani hawakuwa wengi.

Ombi likipita, linachapishwa kwenye jarida lao, na mwenye pingamizi ana miezi 2. Bila pingamizi mnapata miaka 10 kuanzia siku ya kuwasilisha, inayohuishwa. Sharti ni kuitumia: alama isiyotumika miaka 5 mfululizo inaweza kufutwa kwa ombi la mtu yeyote. Matumizi ya mnunuzi kwa ruhusa yenu yanahesabika kuwa yenu, na hiyo ni sababu nyingine ya leseni. Halafu jiandaeni kwa barua za matapeli. Alama ikishachapishwa, anwani yenu iko hadharani, na mtaletewa ankara zenye nembo za kuvutia zikidai ada ya "daftari la kimataifa". Mteja wangu mmoja alilipa mbili kabla hajaniuliza. Chochote ambacho wakala wenu hakijui, ni karatasi ya kufungia bisi.

Nani awe mmiliki? Kwa kuwa mna jina la biashara tu, hamna kampuni, ombi litaenda kwa jina la mama, au lake na lako pamoja. Inakubalika. Ila alama ni mali kama shamba, itaingia kwenye mirathi, na nimeona alama moja ikigawanywa kwa warithi tisa ambao watatu kati yao hawasalimiani. Mkiweza, fungueni kampuni kwanza, alama iwe ya kampuni. Mkiona inachelewesha, anzeni na mama, mtaihamisha baadaye kwa maandishi.

Leseni ya mnunuzi isiwe kitabu. Kurasa mbili tatu zinazosema alama ni yenu. Yeye anaruhusiwa kuitumia Singapore kwenye bidhaa mlizomuuzia ninyi tu. Mkiachana, ruhusa imekwisha na stoki iliyobaki ataimaliza kwa muda mliokubaliana. Hatasajili alama hiyo wala inayofanana nayo nchi yoyote. Humo tajeni pia jina la Kichina. Wateja wengi wa pale wanasoma Kichina, na bidhaa ikipendwa itapewa jina la Kichina, mara nyingi na muuzaji. Jina hilo nalo andikeni kwamba ni lenu, hata kama amelibuni yeye. Yeye mpeni anachokitaka kwa haki: kuwa muuzaji pekee Singapore kwa miaka mitatu, kwa mfano, maadamu anachukua mizigo isiyopungua mnayokubaliana. Hicho ndicho alichokuwa anakitafuta, kama ni mkweli.

Migogoro mkubaliane iende kwenye usuluhishi kwanza; WIPO wana kituo chao cha usuluhishi palepale Singapore. Na ikifika mahakamani, tangu Aprili 2022 kuna njia nyepesi kwa kesi za miliki bunifu zisizozidi dola 500,000 za Singapore: usikilizaji haupiti siku mbili, na gharama ambazo aliyeshindwa anaweza kuamriwa kumlipa mwenzake zimewekewa kikomo cha dola 50,000. Kwa mfuko wa kwetu hizo bado ni pesa za kuuza nyumba. Ndiyo maana nasisitiza karatasi.

Mchanganyiko wenyewe, yaani kiasi gani cha iliki, mdalasini na pilipili manga, msihangaike kuutafutia hataza. Hataza ni ya uvumbuzi mpya, na mkiipata lazima muuchapishe, kila mtu ausome. Siri ndiyo ngao yenu. Mahakama ya Rufani ya Singapore mwaka 2020, katika kesi ya I-Admin, iliwarahisishia wenye siri: ukionesha kwamba ilikuwa siri na mwenzio aliipata akijua ni siri, ni juu yake yeye kueleza kwamba hakuitendea ubaya. Lakini lazima iwe siri kweli. Mnunuzi akiomba vipimo "kwa ajili ya vibali vya chakula", mpeni orodha ya viungo, ambayo lebo inaitaka hata hivyo, si gramu. (Kama ndani mna karafuu, hakikisheni risiti zenu ziko sawa, biashara ya karafuu Zanzibar ina mlango mmoja, shirika la serikali ZSTC, na sitaki mgogoro wa jina ufumue mwingine.)

Limebaki dele. Mchoro wa kwenye pakiti ni kazi ya sanaa, na hakimiliki, tofauti na alama, husafiri yenyewe: Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, Singapore nayo imo, na pale hakuna hata daftari la kuandikisha hakimiliki. Mchoro uliochorwa Unguja unalindwa Singapore tangu siku ulipochorwa. Lakini unalindwa kwa nani? Kijana wa kompyuta aliyelipwa elfu thelathini, hata kama alilipwa taslimu mbele ya mashahidi, anaweza kuwa bado ndiye mwenye haki mpaka asaini karatasi ya kuwahamishia. Mnunuzi akimpata yule kijana kabla yenu, mmerudi mlipoanza.

Ujumbe kwa mnunuzi uwe hivi, na uutume leo: "Tunashukuru kwa wazo lako. Alama tunaisajili wenyewe Singapore kwa jina letu, wakala ameshaanza. Tunakuandalia leseni ya kuitumia na mkataba wa kuwa muuzaji wetu pekee. Tafadhali usiwasilishe ombi lolote kwa jina hili au linalofanana nalo." Kwa hiyo mpigie wakala kabla hujautuma, ili neno "ameshaanza" liwe kweli. Kisha muulize mama: lile dele alichora nani, na anakaa wapi siku hizi?